Taarifa za wajawazito wanaoletwa kwa boti mwambao wa Kigoma: naomba mwongozo kabla ya mkutano wa mtandaoni wa madaktari wetu walioko nje

DaktariMwambao (Kigoma)

Ndugu wataalamu, wakubwa kwa wadogo, nawasalimu.

Mimi ni daktari katika hospitali ya halmashauri mkoani Kigoma, na sehemu kubwa ya kazi yangu iko wodi ya wazazi. Kundi la madaktari Watanzania wanaofanya kazi Uingereza, Marekani na nchi za Ghuba linaandaa mkutano wa utafiti wa tiba utakaofanyika kwa njia ya mtandao, Jumamosi na Jumapili ya mwisho ya mwezi Oktoba, na limetualika sisi tulioko nyumbani kutuma ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti, zisizozidi maneno 300. Mwaliko huo nimeupokea kwa furaha, kwa sababu kwa muda mrefu mikutano ya aina hii ilihitaji nauli ya ndege, viza na ruhusa ya kuondoka kituoni, na daktari wa wilaya ya pembezoni aliishia kusikia habari zake baada ya wengine kurudi.

Jambo ninalotaka kuliwasilisha linahusu wajawazito tunaoletewa kwa rufaa kutoka vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kuna vijiji ambavyo gari halifiki kabisa, na vingine barabara yake hupitika kwa shida wakati wa masika, kwa hiyo mama mwenye uchungu pingamizi (mtoto ameshindwa kupita), au anayetokwa na damu, au aliyepata kifafa cha mimba, hulazwa juu ya mbao za boti kwa saa nyingi, mara nyingi usiku, akiwa na mkunga mmoja na ndugu wawili watatu. Nimeanza kupitia Kitabu cha MTUHA namba 12, yaani rejista ya wodi ya wazazi katika mfumo wa taarifa za huduma za afya, pamoja na fomu za rufaa za miaka ya karibuni. Katika safu ya maelezo, mahali ambapo tumezoea kuona maneno mawili matatu ya kitabibu, wakunga wetu wameandika mambo kama “kaja kwa boti, upepo mkali, kachelewa kutoka saa nne”. Nimeyasoma maandishi hayo mara nyingi na nimeona kwamba yanastahili kusikilizwa nje ya wodi yetu.

Ninakwama kwenye mambo kadhaa. Kwanza ni suala la idhini. Taarifa hizi zilikusanywa wakati wa kutoa huduma ya kila siku, hakuna mgonjwa niliyemhoji, na mganga mfawidhi ameniruhusu kwa mdomo kuvipitia vitabu. Je, hilo linatosha kwa mkutano ambao hautachapisha makala kamili?

La pili ndilo linaloninyima usingizi zaidi. Daktari mwenzetu aliyeko nje, ambaye tumefahamiana kupitia maandalizi ya mkutano huu, amejitolea kunisaidia uchambuzi wa takwimu, nami nimeshukuru. Ameomba nimtumie faili lote la Excel kwa barua pepe, lenye umri wa kila mama, kijiji alikotoka, tarehe na saa ya kufika, tatizo alilokuwa nalo na matokeo kwa mama na mtoto. Majina nimeshayaondoa. Amependekeza pia kwamba yeye awe mwandishi wa kwanza, kwa maelezo kwamba ndiye atakayezungumza mbele ya washiriki na atajibu maswali kwa Kiingereza bila taabu. Simshuku kwa nia mbaya hata kidogo, ila moyo wangu unasita, na ningependa kujua kama kusita huko kuna msingi wa kitaaluma.

Mwisho, ratiba imeandikwa kwa saa za London. Mtandao wetu hapa unategemea simu, na umeme ukikatika jioni minara nayo huelemewa. Kama kuna aliyewahi kuwasilisha katika mazingira kama haya, naomba anieleze alivyofanya.

MtafitiTabora

Daktari, salamu kutoka Tabora. Nimekuwa katika kazi ya takwimu za afya kwa muda mrefu, na swali lako la kwanza ndilo ningependa lipate jibu mapema, kwa sababu mengine yote yanasimama juu yake.

Ruhusa ya mdomo ya mganga mfawidhi haitoshi. Inatosha pale unapopitia vitabu ili kuboresha huduma ya wodi yako na kujadili matokeo katika kikao cha ndani, jambo ambalo ni wajibu wako wa kila siku. Ukishakusudia kuwaeleza watu wa nje ya kituo kwamba hivi ndivyo ilivyo, na kwamba wao wanaweza kujifunza kwayo, umeingia katika utafiti, hata kama hakuna aliyeulizwa swali hata moja. Hapa nchini utafiti wa afya unaohusu binadamu unahitaji kibali cha maadili. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na chini yake ndiko iliko Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya. Vyuo vikuu vya tiba na baadhi ya taasisi nazo zina kamati zao. Katika maombi yako utaeleza kwamba unatumia kumbukumbu zilizopo, na utaiomba kamati ikuruhusu kuzitumia bila kumtafuta kila mama ili atoe ridhaa. Msamaha huo hutolewa na kamati. Daktari hawezi kujipa mwenyewe, na mganga mfawidhi hana mamlaka nao. Kwa kuwa kituo chako ni cha halmashauri, utahitaji pia barua kupitia mganga mkuu wa wilaya na wa mkoa, maana vituo hivyo viko chini ya TAMISEMI. Usisahau kwamba kibali cha NIMR huja na masharti, mojawapo likiwa kuomba ruhusa kabla ya kuyatoa matokeo hadharani.

Najua unachokifikiria: tarehe ya mwisho ya ikisiri imekaribia na kibali hakitoki kwa wiki moja. Waulize waandaaji kama wanapokea mipango ya utafiti, yaani ikisiri inayoeleza tatizo, swali na njia, bila matokeo. Mikutano mingi inayowajali watafiti chipukizi ina nafasi hiyo, na kwa maoni yangu hapo ndipo utakapopata faida kubwa zaidi, kwa sababu wenzako watakusahihisha kabla hujachelewa. Hadi kibali kitakapopatikana, ningekushauri usiendelee kujaza lile faili.

Sasa niseme kuhusu takwimu zenyewe, maana hapa ndipo kazi yako inaweza kuwa nzuri sana au ikakupotosha.

Kitabu namba 12 kinakuonyesha mama aliyefika. Aliyefariki kijijini akisubiri boti hayumo kitabuni, aliyefariki ziwani huenda hayumo, na aliyejifungua ndani ya boti akarudishwa nyumbani hayumo pia. Ukihesabu vifo miongoni mwa waliofika kwa boti na kuvilinganisha na vya waliofika kwa gari, unaweza kukuta tofauti ni ndogo, ukadhani boti haina madhara, kumbe waliozidiwa hawakufika. Au unaweza kukuta tofauti ni kubwa mno kwa sababu wanaotumwa kwa boti ni wale tu ambao mkunga wa zahanati ameshindwa kabisa kuwahudumia, ilhali wa karibu na barabara hutumwa hata kwa tatizo dogo. Kwa sababu hiyo swali lako lisiwe kama boti inaua. Uliza jambo ambalo kitabu kinaweza kulijibu kwa haki: muda unaopita kati ya uamuzi wa rufaa na kufika hospitali ni kiasi gani, na ni katika hatua ipi ya safari muda mwingi unapotea.

Tangu mwaka 1994, Thaddeus na Maine walipogawanya ucheleweshaji katika sehemu tatu, yaani kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kukifikia kituo na kuchelewa kupata huduma baada ya kufika, watafiti wengi wameutumia mgawanyo huo. Kwenu ile sehemu ya pili ina hatua ndani yake: kutafuta boti, kutafuta petroli, kungoja upepo utulie, safari yenyewe, na kutoka ufukweni hadi mlangoni pa wodi. Hatua hizo zikiwekwa pamoja kama kitu kimoja, halmashauri haitajua ianzie wapi.

Angalia pia saa zilizoandikwa. Saa iliyoko kwenye kitabu ni ya kufika mapokezi, ya kulazwa au ya kupimwa na daktari? Je, “saa 8” ni ya mchana au ya usiku, na je, aliyeandika alitumia saa zetu au saa za kompyuta? Katika kumbukumbu nilizowahi kupitia, mkanganyiko huo peke yake uliweza kugeuza safari ya saa mbili ikawa ya saa nane. Weka kanuni moja, iandike, na pale usipoweza kuamua, ihesabu kama taarifa iliyokosekana badala ya kukisia. Upo mwongozo wa STROBE wa mwaka 2007 wa kuripoti tafiti za uangalizi, yaani zinazotazama yanayotokea bila kuyaingilia, na nyongeza yake ya mwaka 2015 iitwayo RECORD, iliyoandikwa mahususi kwa tafiti zinazotumia taarifa zilizokusanywa kwa ajili ya huduma. Zote mbili zinapatikana bure mtandaoni.

Nikukumbushe jambo moja ambalo vijana wengi wa Kigoma hawasimuliwi. Marehemu Dkt. Godfrey Mbaruku alifanya kazi katika hospitali ya mkoa ya hapohapo Kigoma, katika miaka ambayo dawa, damu na vifaa vilikuwa haba kuliko sasa. Yeye na wenzake walipitia kumbukumbu za vifo vya wajawazito, wakatambua mianya, wakachukua hatua nyingi za gharama nafuu zilizotegemea rasilimali zilizokuwapo, na kati ya mwaka 1984 na 1991 uwiano wa vifo vya wajawazito ulishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Makala aliyoiandika pamoja na Staffan Bergström ilichapishwa mwaka 1995 na ikasomwa mbali sana. Kwa hiyo kumbukumbu za wodi ya Kigoma zilishawahi kusikilizwa na dunia, na aliyezileta alikuwa daktari wa wodi hiyo.

DaktariLeeds

Dada daktari, nami nakusalimu. Niko Uingereza kwa miaka mingi sasa na nimekuwa nikisoma ikisiri zinazotumwa kwenye mikutano kama huu unaouzungumzia, kwa hiyo nitajibu yale yanayohusu upande wetu tulioko nje.

Faili usilitume. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Zaidi ya hapo, takwimu za utafiti wa afya zinapotoka nchini huhitaji mkataba wa kuhamisha takwimu unaopitia NIMR, na barua pepe kati ya marafiki wawili haiwezi kuchukua nafasi ya mkataba huo. Nakuomba pia ulitazame upya hilo neno lako kwamba majina umeyaondoa. Katika kijiji cha mwambao chenye kaya mia chache, ukiandika kwamba mwanamke wa miaka 19 alitoka kijiji fulani, akafika usiku wa tarehe fulani na akapoteza mtoto, kila mtu wa kijiji hicho anajua ni nani, na mkutano wa mtandaoni hurekodiwa, na rekodi husambaa. Weka umri kwa makundi, weka umbali kwa makundi badala ya jina la kijiji, tumia msimu badala ya tarehe, na kundi likiwa na watu wachache sana liunganishe na jingine. Nimewahi kuona slaidi yenye picha ya ukurasa wa rejista ambapo majina yamefunikwa kwa rangi nyepesi na bado yanasomeka. Picha ya ukurasa wa MTUHA isionekane kwenye slaidi zako kwa namna yoyote, hata uifunike vipi.

Uchambuzi unaweza kufanyika bila takwimu kuvuka mpaka. Mwenzako anaweza kukuandikia hatua za uchambuzi, wewe ukaziendesha kwenye kompyuta yako hapo Kigoma na kumtumia majedwali ya jumla. Programu kama Epi Info na R hazina malipo. Hata ikichukua jioni nyingi zaidi, mwisho wake utakuwa umejifunza jambo litakalobaki kwako.

Kuhusu jina la kwanza, kusita kwako kuna msingi. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba ina vigezo vinne vya uandishi, na mwandishi anatakiwa kuvitimiza vyote: awe amechangia kwa uzito katika wazo na mpango wa utafiti, au katika kupata, kuchambua au kutafsiri takwimu, awe ameandika au kuhakiki kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa usahihi wa kazi yote. Kuzungumza Kiingereza kwa ufasaha hakumo katika vigezo hivyo. Mwenzako anaweza kuwa mwandishi halali kabisa kwa kazi ya uchambuzi, lakini anayeujua mwambao, aliyeuliza swali na aliyekaa na vitabu ni wewe, na mimi binafsi ningehuzunika kuona ikisiri kuhusu wanawake wa Tanganyika ikiongozwa na mtu ambaye hajawahi kuipokea boti ikifika. Mwambie waziwazi, kwa heshima, kabla ya kutuma chochote, na mkubaliane kwa maandishi nani atakuwa wapi. Akiwa mtu mwema, kama unavyosema, ataelewa.

Hofu ya Kiingereza nayo ina dawa yake. Rekodi wasilisho lako mapema na uliandike neno kwa neno, nasi tutakusaidia kulisahihisha bila kukubadilishia maana. Waandaaji wengi hukubali wasilisho lililorekodiwa, mzungumzaji akabaki kujibu maswali moja kwa moja, na njia hii ndiyo ninayoisisitiza kwa yeyote anayetegemea mtandao wa simu. Tuma rekodi siku kadhaa kabla. Siku yenyewe jiunge kwa sauti pekee bila picha, uwe na laini mbili za mitandao tofauti, simu na kompyuta ziwe zimechajiwa tangu asubuhi, na nakala ya slaidi awe nayo mtu mmoja aliye nje atakayezionyesha ikiwa utapotea hewani.

Sasa saa. Hapa nakuomba uwe makini sana, kwa sababu wikiendi hiyo ina mtego. Usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Uingereza hurudisha saa nyuma kwa saa moja. Jumamosi Kigoma mtakuwa mbele ya London kwa saa mbili, na Jumapili kwa saa tatu. Kipindi kilichoandikwa saa tisa alasiri kwa saa za London kitakuwa saa kumi na moja jioni kwenu Jumamosi, lakini Jumapili kipindi cha saa ileile kitakuwa saa kumi na mbili jioni. Marekani hawabadilishi siku hiyo, husubiri hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo hata wenzetu wa huko huchanganyikiwa. Waandikie waandaaji wakuthibitishie kwa saa za Afrika Mashariki, kwa mtindo wa saa 24, na uwaombe kipindi cha Jumamosi ikiwezekana.

MkungaUvinza

Daktari, shikamoo. Wakubwa wote waliotangulia, shikamooni.

Mimi ni muuguzi mkunga na nimefanya kazi zahanati ya mwambao kabla ya kuhamishiwa kituo cha afya. Nimesoma maelezo yenu nikaona niongeze yale yanayotokea kabla mama hajaingia kwenye kitabu cha hospitali, kwa sababu huko ndiko tunakohangaika.

Mtafiti wa Tabora ametaja kutafuta boti. Naomba hilo msilipite haraka. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wako ziwani na taa zao, na injini wamekwenda nazo. Unaweza kusimama ufukweni ukaziona taa zimejipanga huko mbali, na wewe una mama mwenye uchungu tangu jana yake, na hakuna chombo. Siku za mbalamwezi, dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika, boti zipo ufukweni, na kinachobaki ni kumwamsha mwenye injini na kupata petroli. Sijaona mtu yeyote akiandika jambo hili kwenye fomu ya rufaa, kwa kuwa fomu haina nafasi yake. Lakini tarehe ya rufaa ipo, na kwa tarehe unaweza kujua mwezi ulikuwaje. Kama ucheleweshaji wa usiku wa giza ni mkubwa kuliko wa mbalamwezi, basi suluhisho lake huenda ni kuelewana na wamiliki wa vyombo kwamba kila kijiji kiwe na injini moja inayobaki nchi kavu zamu kwa zamu. Hilo halihitaji fedha nyingi.

Kuna pia upepo wa kusini wa miezi ya kiangazi. Tunawasafirisha kabla haujaanza au tunangoja utulie, na uamuzi huo mara nyingi ni wa nahodha. Ukiona mama ameandikiwa rufaa jioni na amefika mchana wa siku ya pili, usikimbilie kuandika kwamba ndugu walichelewa kuamua.

Kuhusu saa, ninayo njia. Mama anapohitaji usafiri wa dharura sisi hupiga namba 115 ya mfumo wa m-mama, na waratibu huandika muda wa simu. Muda huo ni wa kuaminika kuliko wa kwenye fomu, kwa sababu fomu mara nyingine tunaijaza tukiwa ndani ya boti, kwa mwanga wa simu, mkono mmoja ukiwa kwenye dripu. Ukiomba kibali, omba na kumbukumbu hizo.

Ninaomba jambo moja kwa heshima. Matokeo yatakapopatikana, yasomwe kwanza kwetu, kwa Kiswahili, zahanati kwa zahanati, kabla hayajasomwa huko mbali. Sisi tunaojaza vitabu hivi kila mwezi tunavipeleka juu na hatujui vinakwenda kufanya nini. Mkunga akijua kwamba ile saa anayoiandika inasomwa na mtu, ataiandika vizuri zaidi.

DaktariMwambao (Kigoma)

Nawashukuru kwa dhati. Nimesoma kila neno, na yale ya dada mkunga kuhusu usiku wa giza nimeyasoma mara mbili, kwa sababu nimekaa Kigoma miaka yote hii na sikuwahi kuyaunganisha na rufaa tunazopokea.

Nimeamua hivi. Faili silitumi, na kazi ya kulijaza nimeisimamisha. Nimeanza kuandaa maombi ya kibali cha maadili, nikiomba kutumia kitabu namba 12, fomu za rufaa na muda wa simu za 115. Waandaaji wamenijibu kwamba wanapokea mipango ya utafiti, kwa hiyo nitawasilisha mpango bila matokeo. Mwenzangu aliyeko nje nimemwandikia, na amekubali kuwa mwandishi wa pili na kunielekeza uchambuzi nikiuendesha mwenyewe, na amenijibu kwa ungwana mkubwa. Nimeomba kipindi cha Jumamosi.

Nina swali kwa dada mkunga: ningependa uwe miongoni mwa waandishi, maana swali la mwezi ni lako na halikuwa langu. Utakubali? Na nina ombi kwa daktari wa Leeds: hii hapa rasimu ya sehemu ya kwanza ya ikisiri kabla sijaiweka kwa Kiingereza. Naomba uitazame bila huruma.

“Wajawazito wa vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika hutegemea usafiri wa majini kufikia upasuaji wa dharura, lakini haijulikani ni hatua ipi ya safari inayopoteza muda mwingi zaidi. Kwa kutumia kumbukumbu za rufaa zilizopo, tunakusudia kupima muda kati ya uamuzi wa rufaa na kufika hospitali, kuugawanya katika muda wa kupata chombo na muda wa kusafiri, na kuchunguza kama muda wa kupata chombo unatofautiana kati ya usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi. Wajawazito waliofariki kabla ya kufika hawamo katika kumbukumbu hizi, na kwa hiyo utafiti huu hautakadiria athari za usafiri kwa vifo.”

MkungaUvinza

Daktari, nakubali, na nashukuru kwa kuniona. Ila nisomee toleo la mwisho kabla halijatumwa, kama daktari wa Leeds alivyosema kwamba kila mwandishi anatakiwa aidhinishe. Na pale ulipoandika “usiku wa giza”, eleza ni siku zipi za mwezi, maana wavuvi wa kaskazini na wa kusini hawapumziki siku zilezile. Nitawauliza viongozi wa ufukwe wa hapa kwetu nikuletee.

DaktariLeeds

Rasimu ni nzuri, na sentensi ya mwisho ndiyo iliyonifanya niiamini. Nina marekebisho mawili tu. “Haijulikani” ni neno zito, kwani utahitaji kuonyesha kwamba umetafuta na hukupata. Andika “haijapimwa katika kumbukumbu za kituo chetu”, ambalo una uhakika nalo. Pia taja hatua ambayo maombi ya kibali yamefikia, maana mhakiki ataliuliza hilo kabla ya lingine lolote. Ukishaitafsiri nitumie, nitaisoma usiku huohuo.